Ledama Parsaoti na Mikono Aliyoambiwa Aikaze

Marehemu Ledama Parsaoti alizaliwa tarehe 12 Agosti 1974 kijijini Kwamsisi, Handeni, mtoto wa tatu wa Mzee Parsaoti na Mama Naisiae. Alisoma shule ya msingi hapohapo, 1983 hadi 1989. Machungani alikuwa akirusha rungu na kuangusha papai bila kugusa jani, kisha akalila peke yake.

Mwaka 1996 alikwenda Dindira, Korogwe, kufyeka nyasi za kiwanja cha gofu cha shamba moja la chai. Siku moja aliazima fimbo, akapiga mpira vilevile anavyorusha rungu: mkono umelegea, kiwiko kinashuka kando ya mbavu, kiganja kinafyatuka mwisho kabisa. Mpira ulivuka kiwanja ukapotelea kwenye michai.

Mwaka 2001 alifunga ndoa na Beatrisi, kanisani Mkata. Beatrisi ndiye aliyetaka yanayofuata yasomwe bila kupunguzwa hata neno.

Mwaka 2009 alitafutwa kocha wa kiwanja kile cha gofu, kwa shindano la kupiga mpira mbali. Walioshindana ni wawili, Ledama na Kaleb, rika moja, waliotahiriwa msimu mmoja. Kwetu Wamaasai mtu hamtilii shaka mtu wa rika lake. Basi Kaleb alipomwambia, "Rika langu, kesho kaza mikono, kiwiko kisikunjike, waamuzi hawapendi urushaji wa machungani," Ledama alishukuru. Asubuhi akaikaza. Mpira ukaanguka hatua chache mbele yake, watu wakacheka. Kaleb akafuata, mikono imelegea vizuri, akapiga mbali, akapewa kazi. Beatrisi alikuwepo. Hakusamehe siku ile, na leo hajasamehe.

Ledama aliacha kiwanja, akahamia Mkata kufuga. Mwaka 2023 figo zikaanza kumsumbua. Kaleb alipokuja kumwona na sukari mkononi, mgonjwa aligeukia ukutani, na Beatrisi akaisindikiza sukari ile mpaka kwenye pikipiki ya mwenyewe. Ledama alifariki nyumbani tarehe 3 Machi 2025.

Ameacha mjane, watoto wawili, Nailantei na Kuntai, na mdogo wake Simeo, anayesoma wasifu huu. Siku ya mwisho alimwambia mkewe: "Kaleb atakuja tu, hawezi kukosa. Mama Nailantei, yeye ndiye aanze kunifukia. Ila akaze mikono, kiwiko kisikunjike. Watu waone udongo utafika wapi."

Sasa apumzike, amesubiri vya kutosha. Kaleb, koleo lile pale.