Mama Emilie na Neno la Soko la London

Tarehe 30 Novemba 1990, Mama Emilie Tambwe anaaga ushirika wetu wa samaki hapa Kalemie, baada ya miaka ishirini na saba ya kazi. Alianza kwa kuanika ndagala, dagaa wa hapa kwetu, akapewa mizani, hatimaye akawa msimamizi wa ufuo mzima.

Mama hakumwamini mtu upesi. Samaki alimfunua matamvua kwanza. Aliyemsifu aliulizwa anataka nini. Hata tulipomtajia sherehe hii, alitaka kujua tunaficha kitu gani.

Mwaka 1978 alikuja Mwingereza, Bwana Harding, kununua mikebuka mikavu, samaki wa ziwa letu. Siku hiyo wachuuzi walikuwa wakitukanana vikali, wakigombea nafasi ya kuanika. Mgeni akasikiliza, akacheka, akasema: “Billingsgate!”

Akina mama wakafunika vikapu. Huyu akasema wametukanwa. Yule akasema mzungu ni jasusi, ametoa ishara. Hakuna aliyekubali kumuuzia, na msimu ulikuwa unakwisha.

Mama Emilie akamfuata. “Hilo njo neno gani, Bwana?”

Harding akajibu kwamba ni jina la soko la samaki kule London, basi. Mama hakuridhika. Jina la soko linachekesha nini? Akapanda kimyakimya hadi misheni, kwa Bruda Augustin aliyefundisha Kiingereza. Bruda aliona haya kidogo, kisha akaeleza: maana yake ni matusi makali. Wachuuzi wa soko lile walisifika kwa midomo michafu, vizazi na vizazi, hata jina la soko likawa jina la matusi yenyewe.

Kumbe Harding alikuwa amesema nusu ya ukweli. Mama akamleta mbele ya wanawake, akamtaka aseme nusu iliyobaki. Akaisema, uso umemwiva, akaomba radhi. Vikapu vikafunuliwa.

Lakini Mama aliwageukia wenzake. “Na sisi je? Munataka siku moja watu wa Ulaya wakitukanana, waseme wanasema Kalemie?”

Tangu siku ile, mwenye kutukana ufuoni alipimiwa wa mwisho, hata Victorine, mdogo wake Mama wa tumbo moja, ambaye alinuna wiki nzima.

Mama, asante. Nenda Moba ukapumzike kwa wanao, ule ulichopikiwa bila kukagua chungu. Mungu akuzidishie afya na miaka. Jina la mji wetu umetuachia likiwa safi.