Enid Thackray na Bustani ya Kivulini

Mama yetu mpendwa, Enid Thackray, alizaliwa tarehe 9 Novemba 1941 hapa Hollinthwaite, Yorkshire, binti pekee wa mzee Amos Birtwell, mchonga mawe, na mkewe Dorcas. Alisoma shule ya kijiji hadi mwaka 1956, kisha akaajiriwa katika kiwanda cha sufu, ambako alifuma vitambaa hadi kilipofungwa mwaka 1984.

Tarehe 6 Juni 1964 alifunga ndoa na marehemu baba yetu, Wilfred, wakajaliwa sisi wawili, Judith na Alan, wakahamia nyumba iliyo chini ya miti mikubwa ya kanisa, ambayo uani kwake hapakuwa na jua wala jani la kijani. Jirani yetu, Bwana Clough, alikuwa akichungulia ukutani na kumuuliza, "Unapanda nini humo, Enid, uyoga?" Mama alimwacha acheke, kwani alishaona kwamba miti ile hukaa uchi, bila majani, hadi Mei, na mimea inayochanua Februari hujipatia mwanga wake mapema, kabla kivuli hakijarudi. Akarutubisha udongo kwa majani yaliyooza, akapanda maua madogo ya primula, na zaidi ya yote mawaridi ya Kwaresima, ambayo si mawaridi halisi bali maua ya kivulini yanayochanua baridi ikiwa bado kali, na Bwana Clough alipofiwa na mkewe, ndiye aliyekuja kuomba mche mmoja wa kupanda kaburini.

Mwaka 2003 ugonjwa mweusi, unaotia majani mabaka meusi na kuua mmea, uliingia bustanini, ikambidi mama ang'oe na kuchoma mawaridi yote kwa mkono wake. Tulidhani amekata tamaa, lakini ule mche wa kaburini ulikuwa mzima, na Bwana Clough mwenyewe akamletea mbegu zake katika kikombe cha chai. Mama alianza upya, akasubiri miaka mitatu yachanue, na tarehe 21 Februari 2009 akashinda tuzo ya kwanza katika maonyesho ya maua mjini York, Bwana Clough akimbebea vyungu.

Septemba 2023 aligundulika kuwa na saratani, akaambiwa huenda asiione Krismasi, naye akamjibu daktari, "Nitaondoka yakishachanua." Yalichanua, akayaona yote kutoka dirishani, akafariki tarehe 4 Machi 2024.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na wenzake wa kiwandani waliokesha naye. Mkitoka hapa piteni uani, kila mmoja achukue mche wake, maana aliagiza usibaki hata mmoja.

Lala salama, Mama.