Mama Rudisha, Aliyeitoa Plastiki Mgahawani

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Mama Rudisha, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na muuza maziwa. Baada ya shule alijiunga na chuo cha upishi, akahitimu mwaka 1979. Walimu wake walisema ana mkono mzuri na mdomo mkali. Vyote viwili alidumu navyo.

Mwaka 1984 alifungua mgahawa nyuma ya soko la nguo. Chakula cha kubeba alikitia kwenye mifuko ya plastiki kama wenzake, mpaka masika moja mtaro ulipoziba na maji yakajaa jikoni. Vijana walipouzibua, mifuko iliyotoka ilikuwa na maandishi ya mgahawa wake mwenyewe. Dada aliona haya, akashinda siku nzima bila kumgombeza mtu. Nyumbani tulidhani anaumwa.

Akahamia maboksi ya karatasi. Nayo yakamtia aibu. Mwalimu mmoja wa udereva alinunua maharage, akafika mlangoni, boksi likaachia kitako, mchuzi wote suruali ikaunywa. Wateja wakaanza kumkimbia. Lakini kesho yake mwalimu alirudi, ameshika bakuli la bati lenye mfuniko.

"Nimekuja na chombo changu," alisema. "Suruali imebaki moja."

Dada alicheka mpaka akakaa chini. Walifunga ndoa tarehe 6 Juni 1990.

Tangu hapo akanunua mabakuli ya bati. Asiye na chombo aliazimwa, ila aliacha rehani: kofia, mwavuli, chochote. Wakili mmoja aliyekuja mikono mitupu aliacha kiatu cha kushoto, akavuka barabara akirukaruka, bakuli kifuani.

"Rudisha!" dada alimpigia kelele, na jina likamganda yeye mwenyewe. Wateja walirudi, wengine kwa ajili ya chakula, wengine kuangalia leo nani hana kiatu.

Mwaka 2022 moyo ulianza kumsumbua. Wodini muuguzi alimletea juisi yenye mrija wa plastiki.

"Mwanangu, huu mrija utaishi miaka mingi kuliko mimi. Nipe kikombe."

"Bibi, kunywa kwanza. Dunia utaiokoa ukipona."

"Na nisipopona?"

Muuguzi akaenda kutafuta kikombe.

Siku zake za mwisho alimwambia mumewe, "Siku ya kunizika, sitaki kuona maji ya chupa za plastiki."

"Hutayaona, mke wangu. Utakuwa umelala."

"Nitaamka."

Alifariki alfajiri ya tarehe 2 Septemba 2023, mumewe amemshika mkono. Ndiyo maana leo mliombwa kila mtu aje na kikombe chake. Hatukutaka kubahatisha.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano, na sisi wadogo zake.

Dada, pumzika salama. Maji yako kwenye mitungi.