Evodia Hiza na Njia ya Zebaki

Marehemu ndugu yetu Evodia Hiza alizaliwa tarehe 14 Machi 1978 Kwashemshi, Korogwe, mtoto wa tatu wa Mzee Obadia Hiza na Mama Hosiana, akasoma shule ya msingi hapo hapo hadi mwaka 1992, na walimu wake walimkumbuka kwa maswali, maana akianza kuuliza hakuwa na breki.

Mwaka 1999 alifunga ndoa na Mathias Ponsiano wa Sindeni, Handeni, wakajaliwa mtoto mmoja, Angel, na mwaka 2006 akafungua duka la sukari, sabuni na zebaki, kwani wachimbaji waliihitaji kunasia dhahabu, na jioni aliwachomea dhahabu hiyo jikoni kwake ili zebaki itoke kwa moshi, mlango umefungwa, wezi wasione.

Mwaka 2019 mikono ilianza kutetemeka, wengine wakasema amerogwa, shangazi mmoja akamtaja na mchawi kwa jina, lakini vipimo vilisema ni zebaki, naye Evodia hakukubali kuumwa na kitu asichojua kilikotoka. Aliifuata kwa wakala wa Korogwe aliyemuuzia, kwa mwenye ghala Dar es Salaam aliyemuuzia wakala, hadi kwenye shehena iliyopita bandarini kwa jina la vifaa vya meno, akaifuata na dhahabu pia, akakuta inapanda ndege ikiwa safi, huku moshi na matope vikibaki kwetu. Mwaka 2022 aliyasema hayo mbele ya maafisa, akatishiwa kuchomewa duka, na baadhi ya waliomtishia tumekaa nao hapa, karibuni, msiba hauchagui mtu.

Alifariki tarehe 9 Juni 2025, hospitalini, baada ya figo kushindwa kufanya kazi. Tunawashukuru madaktari, wauguzi, wafanyabiashara wenzake, na jirani yetu Mama Emiliana, aliyetupa uwanja wake tukafunga turubai, jambo lililozua minong'ono tangu jana, eti tumemsusa marehemu. Hatukumsusa, alikataza mwenyewe watu wasilale matanga nyumbani kwake, kwa sababu zebaki imo kwenye kuta, dari na magodoro.

Jeneza lilipotoka nyumbani kwake, lilikopitishwa tu kuaga, Mathias alijifungia ndani, anasema hawezi kuiacha nyumba ya mkewe, na Angel, mwenye mimba ya miezi saba, ameingia kwa mlango wa uani akaapa kwamba hatoki bila baba yake. Shemeji, kipaza sauti kinafika huko, uchungu wako ni wetu, lakini hatutashusha mwili kaburini mpaka mtoke wote wawili.

Evodia, tusubiri kidogo, kisha upumzike kwa amani.