Taa Mpya za Pak Warsito

Benchi la Bu Tumini, mama muuza kahawa, liko kwenye barabara ipandayo milima ya Dieng, ubavuni mwa gereji ya Tarno. Lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa matofali. Ikifika saa tisa alasiri ukungu umeshafunika mashamba ya viazi, na wanaume waliotoka kuchimba huja kujibanza hapo, sarong zimezungushwa shingoni, wanywe kahawa yenye machicha na kubishana mpaka makalio yafe ganzi. Ijumaa ile ubishi ulikuwa mmoja tu, na aliyeuleta, Mzee Warsito, au Pak Warsito kama walivyomwita, alishauchoka kabla haujaanza. Miaka kumi na tisa alikuwa akishusha viazi na kabichi soko la Wonosobo kwa pikapu yake nyeupe, taa zake za halojeni zikififia mwaka hadi mwaka, mpaka ikabidi atoe kichwa dirishani aone njia. Wiki mbili nyuma alizing'oa balbu zile akaweka za LED. Tangu hapo hakupata raha.

— Nikiwa nyumbani nikimulika ukuta, naona mpaka siafu wanavyopishana, alisema. Nikiingia kwenye ukungu naona maziwa. Maziwa matupu!

— Umeme umezidi, alijibu Darsono. Yeye walimwita Profesa, kwa kuwa aliwahi kutengeneza redio ya mkuu wa kijiji, nayo ikalia siku mbili nzima.

— Balbu hizi zinakula umeme kidogo, Profesa. Imeandikwa kwenye boksi.

— Ndiyo tatizo lenyewe! Zinakula kidogo, unaobaki unaenda wapi? Unarudi kwenye betri. Betri inavimbiwa, inautapika. Ule weupe unaouona siyo mwanga, Pak. Ni matapishi.

Warsito alimwangalia, akaangalia kahawa yake, akaacha kuinywa.

— Mwache mzee wa watu, aliingilia Masharubu, dalali wa mbuzi ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli. Kosa ni la ukungu. Ukungu wa huku ni mtu mzima, amezoea taa ya njano tangu enzi za babu zetu. Wewe unamletea taa nyeupe ya mjini usoni, hata hodi hupigi. Angekuwa baba mkwe wako angekubali?

— Kwa hiyo nikamwombe radhi ukungu?

— Ungemchomea hata ubani kidogo.

— Masharubu, nina tani moja ya viazi inaningoja, wewe unaniletea ubani!

Kutoka ndani, Bu Tumini alipaza sauti juu ya mlio wa mafuta. Alikuwa akikaanga tempe, vipande vya soya iliyovundikwa.

— Paka manjano kwenye vioo vya taa. Mimi nikitia manjano kwenye unga, tempe inatoka njano. Kuna ugumu gani?

— Na mvua ikinyesha, Bu?

— Unapaka tena. Kwani una kazi gani?

Profesa alikuwa bado hajamaliza. Yeye huwa hamalizi.

— Nisikilizeni. Balbu zile zimetengenezwa pwani, sivyo? Kule hewa ni nzito, mwanga unapata pa kushika. Huku juu hewa nyembamba. Mwanga unatoka mzima mzima, unakosa pa kushika, unateleza. Unaanguka hapo hapo mbele ya bampa.

— Unaanguka, alirudia Warsito polepole.

— Unaanguka. Na ukiweza kuukusanya unaweza kuuza.

Masharubu alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye sarong. Warsito hakucheka.

— Tatizo siyo kuona kwangu peke yake. Kila ninayepishana naye ananiwashia taa ful. Jana dereva wa lori alisimama katikati ya barabara akanitukana kwa majina ya wanyama wote anaowajua, akamaliza akaanza upya.

— Wivu huo, Profesa alimtuliza. Ongeza mbili juu ya paa. Wakikuona kwa mbali wadhani ni msafara wa jeshi, wakae pembeni wenyewe.

— Weka nne, alisema Masharubu. Na moja ya buluu.

Wakati huo mlango wa gereji ulifunguka, akatoka mwanamke kijana aliyevaa koti la mvua, kiganja cha kushoto kimefungwa bendeji. Alikuwa Endah, mkunga mpya wa zahanati, Bu Bidan kwa wanakijiji, aliyehamia hapo miezi miwili tu iliyopita. Wote walisogea kumpa nafasi, hata Profesa.

— Karibu, Bu Bidan. Mkono umefanya nini? aliuliza Masharubu.

— Pikipiki. Tarno anainyoosha uma wa mbele. Bu Tumini, naomba chai ya tangawizi.

— Uliteleza?

— Sikuteleza. Niliangukia mtaroni.

Aliipokea chai kwa mkono mzima, akapuliza, akaeleza kama mtu anayeeleza habari za mwenzake. Juzi Jumatano, saa kumi na moja jioni, aliitwa kwa mama aliyeshikwa na uchungu, kijiji cha juu. Kwenye kona ya mianzi ilishuka gari yenye taa kama radi isiyozimika. Hakuona barabara, hakuona ukingo, hakuona hata mikono yake kwenye usukani. Akakata kushoto kwa kukisia. Mtaro ukampokea. Akatembea dakika arobaini kwenye matope na begi lake kichwani, na alipofika mtoto alishazaliwa, mikononi mwa bibi yake, kitovu kimefungwa kwa uzi wa kushonea.

— Mzima? aliuliza Bu Tumini. Alikuwa ameshatoka jikoni, mwiko mkononi.

— Mzima. Mama yake alipoteza damu nyingi, lakini jana amekaa kitako, amekula.

Warsito alipiga hesabu. Jumatano, saa kumi na moja, alikuwa akishuka na kabichi. Kwenye kona ya mianzi alisikia honi fupi mahali fulani ndani ya ule weupe, kisha kimya. Alidhani mtu amepita.

— Unaona sasa! Profesa aliinua kidole juu. Hata huyo atakuwa betri imevimbiwa. Bu Bidan, sisi hapa tunalichambua suala hilo hilo, taa za Pak Warsito...

— Nimewasikia kutoka ndani, alisema Endah. Mmeongea sana juu ya anachoona aliye nyuma ya usukani. Nani kati yenu ameshasimama mbele ya gari hilo?

 

Warsito aliinuka. Alimtupia Masharubu funguo za pikapu iliyoegeshwa mbele ya gereji.

— Kaa ndani. Hesabu mpaka thelathini, kisha washa.

— Mimi sijui kuendesha!

— Sikukwambia uendeshe. Nimekwambia uwashe!

Alitembea hatua thelathini, ukungu ukamfunika mpaka benchi likapotea. Akageuka. Kwanza waipa zilisugua kioo kikavu, kisha honi ililia. Kisha taa zikawaka.

Hakukuwa na gari tena. Hakukuwa na gereji, wala barabara, wala miguu yake mwenyewe. Alikinga macho kwa mkono, mwanga ukapita kati ya vidole. Alijaribu kukumbuka mtaro uko upande gani, akashindwa, naye barabara hiyo aliijua kuliko nyumba yake.

— Zima!

— Nimezima!

— Hujazima! Zima, Masharubu!

— Hiki ni nini sasa... hapana, hiki ni cha maji!

Zilipozimika hatimaye, alibaki amesimama na madoa ya kijani machoni, akisubiri dunia irudi. Iliporudi, alifuata ukingo wa barabara mpaka akamwona Tarno mlangoni mwa gereji akifuta mikono.

— Nilikwambia, alisema Tarno. Bakuli la taa yako, lile linaloelekeza mwanga, lilitengenezewa balbu ya zamani. Ukilitia hizi, mwanga unatawanyika hovyo, juu na pembeni.

— Uliniambia lini?

— Siku ile ulipoziweka, ukiwa unaondoka. Ulikuwa unanipungia mkono. Taa zako zilitaka kung'arishwa vioo tu, na waya mpya. Vimefubaa kama meno ya Profesa.

 Warsito alirudi kwenye benchi lakini hakukaa. Alivua kofia.

— Bu Bidan, ile gari ya Jumatano, kwenye kona ya mianzi. Ni hii. Dereva nilikuwa mimi.

Masharubu alishuka kwenye pikapu taratibu, akaufunga mlango bila kuubamiza. Endah aliweka kikombe chini.

— Mbona hukusimama?

— Sikukuona, Bu. Naapa. Sikukuona kabisa.

— Kwa mwanga wote ule?

Mafuta yalikuwa yakiungua jikoni na Bu Tumini hakwenda kuyaepua.    Warsito alikwenda mbele ya pikapu, akainua boneti, akaanza kuzichomoa balbu mwenyewe.