Bi Nini na Nyuzi Arobaini na Moja

Poleni kwa safari, poleni kwa jua, na asanteni kwa kutupa utulivu ili tusikilizane, kwa maana huyu tunayemsindikiza leo hakupenda jambo lisemwe nusu, na historia hii aliipitia mwenyewe mwezi Desemba mwaka jana akiwa kitandani, kwa kalamu nyekundu, akayakata maneno yote ya kumsifu na kuziacha tarehe.

Marehemu bibi yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Nini, alizaliwa siku ya Jumanne tarehe 11 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la reli, akiwa mtoto wa tano kati ya saba wa baba aliyekuwa mpima mizigo stesheni na mama aliyekuwa mshonaji. Dada yake mkubwa, ambaye yuko nasi hapa, anasema mtoto huyo alijua kusoma mshale wa mizani kabla hajajua herufi, na kwamba ukimtuma kwa jirani akaombe kijiko cha sukari alirudi mlangoni kuuliza kijiko cha chai au cha kupakulia, mpaka mama yake akawa anasema ni nafuu aende mwenyewe.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, na shule ya sekondari ya wasichana kuanzia 1973 hadi 1976, akamaliza kidato cha nne akiwa wa tatu darasani kwa hisabati na wa mwisho kabisa kwa kuimba. Tarehe 4 Julai 1977 aliajiriwa katika zahanati ya wazazi na watoto kama mpima uzito, kazi yake ikiwa kuwaweka watoto wachanga kwenye mizani ya kuning'inia na kuandika kadi, na ni hapo alipolipata jina lake, kwa sababu muuguzi akimwambia mtoto huyu ni sita, yeye hakuinua kalamu, aliuliza, "Sita nini? Sita kilo, sita ratili, au sita kuku?" Wauguzi walicheka, kisha wakakasirika, kisha wakazoea, na mwishowe wakawa wanaulizana wenyewe kwa wenyewe.

Mwaka 1979 alikwenda kozi ya miezi sita ya utunzaji wa dawa, na aliporudi alihamishiwa ghala la chanjo la hospitali kubwa, chumba kirefu chenye friji tisa, dirisha moja lenye wavu na meza ya mbao iliyopigwa pasi na viwiko vya watu. Huko alikutana na dereva wa lori la chanjo, babu yetu, ambaye siku ya kwanza alimwambia kwamba amekuja mbio mwendo wa hamsini ili barafu isiyeyuke, naye akamjibu, "Hamsini nini? Lori lako dashibodi yake ni ya maili, baba, hiyo hamsini yako ni kilomita themanini, utatuulia chanjo na watu." Babu anasema aliondoka pale amenuna, akarudi kesho yake bila kuwa na mzigo wowote wa kuleta. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Septemba 1980, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza wa kiume aliyezaliwa 1981, wa pili wa kike aliyezaliwa 1984, na wa tatu wa kiume aliyezaliwa 1989, na wajukuu wanane, ambao mmoja wao ndiye anayewasomea.

Mwaka 1999, yeye akiwa tayari mkuu wa ghala, ghala lilipata kompyuta yake ya kwanza, yenye skrini nyeusi isiyokuwa na picha, ila kijistari kinachomemeta kikingoja uandike. Ndani yake mlikuwa na programu ndogo ya kubadili vipimo, ambayo haikuwa na vitufe vya kubonyeza, bali iliuliza maswali mawili tu, la kwanza una nini, la pili unataka nini, na ukishayajibu ilikupa namba. Bi Nini alipoiona alisema, "Miaka ishirini nimekaa ghala hili, leo ndiyo kwanza nimepata mfanyakazi mwenzangu mwenye akili." Friji zililetwa kutoka nchi mbalimbali, hii imeandikwa futi za ujazo, ile galoni, masanduku ya barafu yana ratili, na yeye alikaa akaviandika vyote, futi saba za ujazo zikawa lita mia moja tisini na nane, akajua vichupa vingapi vinaingia na vingapi vitabanana, na kwa miaka saba hakuna friji iliyojazwa kupita kiasi. Wanafunzi wa mafunzo walipoletwa kwake aliwaonya kwamba programu hutoa mistari miwili, wa juu wa kuzidisha na wa chini wa kugawanya, na asiyetazama alama mwanzoni mwa mstari atachukua jibu la mwenzake.

Hapa ndugu zangu ndipo familia ilipogawanyika juzi sebuleni. Mwanawe wa kwanza, ambaye ni mwalimu na anampenda mama yake kama macho yake, alisema kwamba ukurasa unaofuata usisomwe, watu wamekuja kutupa pole, hawakuja kusikiliza kesi. "Mama aliishi siku elfu ngapi," alisema, "mbona mnataka tumzike na ile moja?" Mjukuu akamwonyesha karatasi, ambapo ukurasa huo haukuwa na hata alama moja ya kalamu nyekundu isipokuwa chini, palipoandikwa kwa mwandiko wa marehemu kwamba huu usipunguzwe. Mabishano yakawa marefu, mpaka babu, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha mlangoni na hakuna aliyedhani anasikiliza, akasema, "Mimi nimekaa naye miaka arobaini na mitatu sijawahi kumshinda, nyie leo kalala ndiyo mnataka kumshinda? Soma, mjukuu wangu." Kwa hiyo unasomwa.

Siku ya Jumatatu tarehe 20 Machi 2006, baada ya umeme kukatika tangu Jumamosi na kurudi alfajiri hiyo, Bi Nini alifungua ghala saa moja asubuhi akakuta vipimajoto vipya vya betri vimezimika, na katika friji namba nne, iliyokuwa na chanjo ya surua, kilichobaki kikifanya kazi ni kile cha zamani cha mshale, kikisoma arobaini na moja. Alijua ni nyuzi za farenhaiti, kwa hiyo alikwenda kwenye kompyuta, kwa swali la kwanza akajibu nyuzi arobaini na moja za farenhaiti, kwa la pili akajibu nyuzi za selisiasi, na jibu likatoka ishirini na mbili nukta saba nane. Chanjo ile hairuhusiwi kupita nane. Aliandika namba ile kwenye fomu akaweka na kipimo chake pembeni, akasaini, na kufikia saa nne vichupa mia moja themanini na vinne, vya watoto kumi kila kimoja, vilikuwa vimeingia kwenye tanuri la kuchomea taka za hospitali.

Tarehe 11 Aprili, akiwa anafundisha wanafunzi wawili, alikiweka kipimajoto kile cha mshale kando ya kipya ndani ya friji moja, na kipya kikasoma tano, na cha mshale kikasoma arobaini na moja. Wanafunzi walidhani kimoja kimeharibika. Yeye alikwenda kwenye kompyuta akaandika kama alivyoandika mwezi uliopita, akapata ishirini na mbili nukta saba nane, akakaa. Programu haikuwa imekosea. Ukiiandikia nyuzi kama unavyoandika urefu au uzito, inakuhesabia ukubwa wa hatua tu, kwamba hatua arobaini na moja za huku ni sawa na hatua ishirini na mbili na kitu za kule, nayo haijali kwamba vipimo hivi viwili vya joto havianzi kuhesabu mahali pamoja. Ukitaka joto lenyewe unaandika tempF, kisha namba ndani ya mabano. Alipoandika hivyo ilimjibu tano. Chanjo ile ilikuwa nzima, baridi kama inavyotakiwa, siku aliyoichoma.

Hakuna aliyejua, na hakuna ambaye angejua. Mganga mkuu wa wakati ule, alipopelekewa habari na mwenye kosa mwenyewe, alimwambia, "Mama, vichupa vimeshaungua na moshi umeshapotea, unafukua nini?" Akamjibu, "Fomu yangu inasema uongo, daktari, na ina sahihi yangu." Alipewa barua ya onyo, akaondolewa ukuu wa ghala, akawekwa miaka miwili kwenye meza ya kufunga masanduku, chini ya kijana aliyemfundisha yeye mwenyewe, na hapo mezani alifunga masanduku.

Lakini barua haikuwa ndiyo iliyomkosesha raha. Surua haikuwa na chanjo mpaka mzigo mpya ulipofika tarehe 2 Mei, na katika wiki hizo sita zahanati kumi na nne zilikuwa zimewarudisha watoto nyumbani. Bi Nini alizizunguka zote kumi na nne, baada ya saa za kazi na siku za mapumziko, babu akimwendesha kwa baiskeli ya kuazima palipokosa gari, akakusanya majina ya watoto mia tatu na sita, na alipoambiwa kwamba wengine wamehama alisema mtu akihama anahamia mahali. Hadi mwisho wa Agosti alikuwa amewapata mia mbili themanini na mmoja. Wawili walikuwa wamekwisha kuugua, mmoja akapona kabisa, na wa pili, mtoto wa kike wa miezi kumi na moja, alitoka wodini tarehe 23 Mei akiwa hasikii kwa sikio la kulia.

Madaktari walimwambia kwamba mtoto yule angeweza kuugua hata angechanjwa, na walikuwa sahihi, ila yeye hakulitumia neno hilo hata siku moja. Alikwenda kwa mama wa mtoto, mwuza mkaa, akamweleza jambo lote tangu mshale mpaka tanuri, na mama akamsikiliza hadi mwisho, akafunga mlango. Alirudi wiki iliyofuata, mlango haukufunguliwa. Alirudi tena, akaacha karatasi yenye siku za kliniki ya masikio na jina la daktari, na hivyo hivyo kwa miezi minne, mpaka siku moja mama yule alifungua akasema, "Sijakusamehe, tuelewane. Lakini mimi Alhamisi niko sokoni na huyu ana kliniki. Njoo Alhamisi." Akaenda Alhamisi hiyo, na kila Alhamisi ya kliniki kwa miaka sita.

Binti huyo leo ni msusi wa mtaa wa pili, wengi wenu mmekaa kwenye kiti chake, na ndiye aliyeulizwa kwanza kama ukurasa huu usomwe au usisomwe. Alisema, "Soma, ila mniwekee kiti upande ambao sikio langu zima litakuelekea, maana huku kwingine wateja wangu ndiko wanakosengenya." Kiti chake ni kile pale.

Mwaka 2008 Bi Nini alirudishwa kwenye ukuu wa ghala, na kazi ya kwanza aliyoifanya ni kubandika ukutani fomu ile ya uongo, ikiwa imekuzwa mpaka ionekane kutoka mlangoni, na kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwake aliandikishwa joto la friji kwa njia mbaya kwanza, akaona ishirini na mbili, kisha kwa njia nzuri, akaona tano, na hakuruhusiwa kuondoka mpaka aweze kueleza kwa maneno yake kwa nini. Alistaafu tarehe 11 Machi 2018, akiwa amewafundisha watu mia moja na arobaini.

Figo zilianza kumsumbua Juni 2022. Mjukuu wake huyu anayewasomea, aliyekuwa kidato cha pili, aliacha shule Septemba mwaka huo ili kuwa naye siku za kusafishwa damu, mara tatu kwa wiki, na Bi Nini hakulikubali jambo hilo, alilivumilia tu, akaagiza kompyuta kuukuu iwekwe kando ya kitanda na kumpa mjukuu huyo mazoezi kila asubuhi kabla ya chai. Hospitalini, muuguzi akitangaza presha ni mia na sitini, wodi nzima ilisikia, "Nini?" Januari hii, akiwa amechoka sana, alimwambia mjukuu arudi shuleni muhula ukifunguliwa, akamtaka ataje tarehe, na ikatajwa, tarehe 4 Machi, mbele ya shahidi ambaye ni babu. Alifariki siku ya Alhamisi tarehe 8 Februari 2024, saa tisa alasiri, akiwa na miaka sitini na mitano na miezi kumi na moja kasoro siku tatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliojibu maswali yake hata yalipokuwa mengi, wafanyakazi wenzake wa ghala la chanjo na wanafunzi wake waliokuja kutoka mbali, na majirani waliopika, waliolaza wageni na kuleta viti. Na tunamshukuru mama wa msusi. Bi Nini alituonya kwamba tusije tukasema hapa kuwa alisamehewa, kwa sababu hakuwahi kuomba na hakuwahi kuambiwa, na familia haina haki ya kuongeza. Kwa hiyo jana jioni tulikwenda kumwuliza mama huyo mwenyewe aandikwe vipi, akaendelea kupanga mikaa yake, kisha akasema, "Andikeni kwamba nilikuja."

Amekuja. Bibi, pumzika kwa amani.