Mwalimu Asheri na Dawa Asiyokuwa Nayo

Mchungaji, ndugu, majirani zetu wa Makorora na nyote mliofika kutufariji, familia inaomba utulivu msikie maisha ya mpendwa wetu, pamoja na sehemu ambayo mwenyewe aliagiza isirukwe.

Marehemu Mwalimu Asheri Fanueli alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 katika kambi ya shamba la mkonge, Muheza, mtoto wa pili wa Mzee Fanueli na Mama Bertha. Alisoma shule ya msingi huko huko Muheza, sekondari hapa mjini, akahitimu Chuo Kikuu mwaka 1979 na kurudi Tanga kufundisha baiolojia. Tarehe 6 Desemba 1980 alifunga ndoa na Leticia, wakajaliwa Wilfred na Praxeda, waliolelewa katika miaka ile ya foleni za sukari na sabuni.

Mwaka 1987 alipata nafasi ya masomo ng'ambo, akachunguza jinsi bakteria anavyonakili DNA yake, yaani maelekezo ya uhai wake, kwamba kunakili huanzia mahali pamoja, kukazunguka duara la DNA kwa pande mbili, na upande wa pili wa duara ipo protini inayozuia upande wowote usipitilize, ili zikutane na kazi ikome salama. Aliporudi 1990, wenzake waliotoka masomoni ng'ambo walishusha majokofu na magari, yeye alishusha sanduku lililojaa karatasi za utafiti, watu wakanong'ona, ndipo Mama Bertha akatangaza kwamba mwanawe amegundua kinachozuia vijidudu kuzaana, na dawa iko njiani. Asheri alijua si kweli, alijua protini ile humfaa bakteria mwenyewe, lakini sifa zilikuwa tamu, akanyamaza.

Februari 1992 kipindupindu kiliingia mtaani. Jirani yake Bi Kazija na mumewe Mzee Shaib, watu wa Pemba, walimbeba mtoto wao Ame, aliyekuwa ameambukizwa, hadi barazani kwa Asheri badala ya hospitali, wakamngoja, naye alikuwa ameenda msibani Pongwe. Aliporejea alasiri, Bi Kazija alisimama akamwambia, "Mwalimu, tumefuata ile dawa yako."

"Sina dawa, dada yangu," akajibu. "Sikuwahi kuwa nayo."

Walikimbilia hospitali, Ame akafia njiani.

Wazazi wale hawakumlaumu, na kutolaumiwa huko kulimkata maini. Akaacha kukaa barazani, akawa anazungukia uchochoroni asipite mlangoni pao, hadi mwaka 1997 Bi Kazija alipomfuata shuleni kumwomba amfundishe binti yake Shadya, wa kidato cha sita. Asheri alilia mbele ya walimu wenzake, akaomba msamaha.

"Tulikusamehe siku ile ile ya maziko," Bi Kazija alimwambia. "Wewe tu hukuja kuupokea."

Alimfundisha Shadya mpaka akafaulu, ila kila walipofika kwenye somo la bakteria sauti yake ilishuka, akawa hamtazami usoni.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 1998, akalazwa mara kadhaa, na tarehe 9 Juni 1999 akafariki. Ameacha mjane, watoto wawili, na Mama Bertha, aliyekubali kwa uchungu haya yasomwe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, majirani wote, Bi Kazija aliyekuwa akimpikia uji, na Mzee Shaib, ambaye leo asubuhi alishika jembe akachimba kaburi hili pamoja na vijana.

Mwalimu Asheri, Bwana akupokee, upumzike kwa amani.